Utani wa Karakana Ndogo

Mtu aendaye Busunzu, kata ya wilaya ya Kibondo katika nyanda za juu za Buha, asitafute karakana yenye kuta nne na jina lililoandikwa juu ya mlango. Atazame palipo na kivuli, sanduku la spana, beseni la petroli ya kuoshea vyuma, na fundi aliyechuchumaa mbele ya injini iliyofunguliwa. Kando yake huwapo watu wanne au watano. Mmoja ndiye mwenye shida, na waliosalia wamekuja kucheka.

Asili ya karakana hii ni baiskeli. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na katika enzi ya utawala wa Waingereza vijana wengi wa Kiha walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Baiskeli ilikuwa miongoni mwa mali walizozitamani, na penye baiskeli hapakosi mtu wa kuziba pancha na kunyoosha ringi. Operesheni ya vijiji ya mwaka 1972 mkoani Kigoma ilizikusanya kaya zilizotawanyika, hivyo wateja wakamkaribia fundi. Kisha ukaja uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980, ambao ulikuwa mwalimu mkali: kipuri hakikununuliwa, kilichongwa. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, lakini pikipiki ilibaki chombo cha maofisa na wamisionari, mpaka zilipokuja za bei nafuu kutoka China na India. Kanuni za mwaka 2010 zikaihalalisha pikipiki kubeba abiria kwa nauli.

Lugha yenyewe imempa fundi nusu ya mzaha wake. Kwa Kiswahili injini hula oili, hukohoa, huchoka, na mwisho hufa. Basi mwenye pikipiki huwa kama ndugu wa mgonjwa, na fundi huwa mganga. Akiuliza mgonjwa alianza kukohoa lini, watu hucheka, lakini swali ni la kweli. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, pengine ringi za pistoni zimelika. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa, na hapo kabureta hushukiwa. Hivyo uchunguzi wote hupita ndani ya kicheko, na mteja hutoa habari ambazo angeona haya kuzitoa, kama ile ya kwamba hajabadili oili tangu msimu wa maharage uliopita.

Palipo pagumu zaidi ni kwenye deni. Dereva mara nyingi si mwenye chombo. Kila siku humpelekea tajiri wake hesabu, na hesabu haingoji injini ifungwe. Kwa hiyo huomba atengenezewe leo, alipe kesho. Fundi adaiye kwa ukali hupoteza jirani, na fundi asiyedai hukosa fedha ya kununua vipuri. Huyu hana mshahara wala kampuni nyuma yake. Njia iliyobaki ni kumkaribisha mdaiwa mbele ya watu kwa jina la kipuri asichokilipia: “Karibu, Mzee Klachi!” Baraza hucheka, na Mzee Klachi, ambaye hawezi kukasirika bila kujifedhehesha, hutia mkono mfukoni.

Desturi hii ina wazee wake. Wataalamu wengi huuhusisha utani wa makabila na misafara ya zamani, na njia yake kuu iliishia Ujiji, katika mkoa huu huu. Mtani aliruhusiwa kusema lisilosemeka, lakini alibeba wajibu siku ya msiba. Fundi naye, akishamcheka dereva aliyezimikiwa njiani, huchukua spana zake akamfuata huko huko alikokwama, hata ikiwa usiku.

Hata hivyo si kila kicheko karakanani ni safi. Kipo kinachofunika nati iliyobaki chini baada ya injini kufungwa, fundi akidai kwamba kiwanda kiliweka nyingi mno. Katika miteremko ya Buha mzaha wa namna hiyo waweza kuua. Ndiyo maana wateja wa zamani humpima fundi kwa saa moja tu, saa ya breki. Afikapo hapo fundi hodari hunyamaza, na baraza hunyamaza pamoja naye. Hukaza waya, huzungusha gurudumu, hukaza tena, kisha huiteremsha pikipiki mlimani yeye mwenyewe kabla ya kumkabidhi mwenyewe ufunguo.