Majina Tuliyorithi

Mkisoma orodha ya wanakwaya katika kijitabu hiki mtakuta majina ya Kimijikenda, ya Kitaita, na mengine yanayowafanya wageni watuulize, "Mbona jina la ukoo ni la Kizungu? Kwenu hasa ni wapi?" Swali hilo limewaumiza wengi wetu tangu shuleni. Katika Yubilei hii tunalijibu kwa habari za mzee mmoja wa kanisa la Pwani.

William Henry Jones alikuwa Myao. Alitekwa utotoni akauzwa, kisha akaokolewa na Waingereza baharini na kupelekwa India. Karibu na mji wa Nasik wamishonari walikuwa na makao ya watoto wa Kiafrika kama yeye. Huko walifundishwa kusoma na kazi za mikono, wakabatizwa kwa majina ya Kiingereza. Jones likawa jina la nyumba yake.

Mwaka 1864 alifika Rabai pamoja na mkewe. Freretown ilipoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa, watu wa Nasik ndio waliokuwa walimu, mafundi na wakalimani. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimweka Jones na mwenzake Ishmael Semler wakfu kuwa mashemasi. Mwaka huohuo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya Uganda. Askofu aliuawa Busoga, na Jones akawarudisha wapagazi Rabai chini ya bendera ya buluu yenye neno moja: Ikabodi. Ni jina la mtoto katika Samweli wa Kwanza, maana yake utukufu umeondoka. Msiba wote aliueleza kwa jina.

Wengine walibaki na majina ya kwao. Habari za akina Mbotela tunazijua kwa sababu James Juma Mbotela aliziandika katika Uhuru wa Watumwa, mwaka 1934.

Basi majina haya si ya kuonea haya. Yanaeleza njia waliyopita wazee wetu. Lakini tangu kwaya yetu ianze tumezika wazee wengi, na kila mmoja ameondoka na majina aliyoyajua yeye peke yake. Leo baada ya chakula, keti na mzee wa nyumba yenu. Muulize nani alimzaa nani, na jina lilitoka wapi. Kurasa mbili za mwisho tumeziacha wazi. Ziandikeni.