Moshi wa Owino Uhuru

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi pembezoni mwa Mombasa, ukuta kwa ukuta na kijiji cha Owino Uhuru. Kijiji hicho kina wakazi wapatao 3,000, na nyumba zake za udongo na mabati zimebanana upande wa Mikindani, karibu na barabara kuu iendayo Nairobi. Wakazi wengi walikuwa vibarua, na kiwanda kilikuwa kimesogeza kibarua hadi mlangoni mwao. Baadhi yao waliingia kupasua betri kwa mikono mitupu.

Ndani ya betri ya gari mna sahani za madini ya risasi zilizozama katika asidi. Betri ikifa, risasi yake bado ina thamani. Hupasuliwa, asidi humwagwa, sahani hutiwa tanuruni, na madini yaliyoyeyuka humiminwa kuwa vipande vya kuuzwa upya. Kazi hiyo hufanywa duniani kote, na hatari yake hutegemea vichujio vya moshi, mahali pa kumwagia maji machafu, na umbali kati ya tanuru na makazi ya watu. Moshi usiochujwa hubeba chembe za risasi, nazo hutua juu ya paa, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sufuria na kwenye udongo ambao watoto huuchezea.

Risasi ikishaingia mwilini haina haraka ya kutoka. Hujificha mifupani na menoni, humpitia mama mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni, na baadaye hupita tena katika maziwa. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kinachodhurika kwanza kwa mtoto ni ubongo: akili huzubaa, masomo humshinda, na dawa hairudishi kilichopotea.

Watu wa Owino Uhuru hawakuyajua hayo yote, lakini macho walikuwa nayo. Mabati yalianza kuliwa na kutu na kutoboka kabla ya wakati wake, na ni mabati hayohayo yaliyokuwa yakiwakingia maji ya mvua. Maji machafu ya kiwandani yalitiririka hadi njia walizopita watoto. Kuku walikufa. Watoto walikohoa usiku kucha, na wanawake wakahesabu mimba zilizoharibika. Kila tukio likitazamwa peke yake, lilikuwa na maelezo yake ya kawaida: kideri, mafua, bahati mbaya.

Phyllis Omido aliingia kiwandani mwaka 2009 kama mwajiriwa wa ofisini, mama mwenye mtoto mchanga na asiye na mume wa kumsaidia. Kiwanda kilikuwa cha kampuni ya Kenya Metal Refineries EPZ, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Kenya ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini hiyo ifanywe kabla ya mradi kuanza. Hapa tanuru lilikuwa limeshawaka, na karatasi ndiyo iliyokuwa ikitafutwa baadaye.

Omido alimtafuta mtaalamu, wakaangalia, na jibu likawa wazi: kiwanda kile hakikufaa kukaa mahali pale. Akawashauri wakubwa wake wakihamishe. Hawakukubali, na yeye akapewa kazi nyingine.

Haukupita muda, mwanawe akaugua. Homa haikushuka. Hospitali ilitafuta malaria, ikatafuta homa ya matumbo, isipate kitu. Mtoto alipopimwa risasi katika damu, ikaonekana. Hakuwa amewahi kucheza karibu na tanuru. Alikuwa ananyonya, na mama yake alikuwa anashinda kiwandani.

Omido akaacha kazi, na hatua aliyoichukua baada ya hapo ndiyo iliyoamua mambo ya miaka 15 iliyofuata. Kabla ya kuita mkutano wa hadhara, alichukua watoto watatu wa kijijini akawapeleka kupimwa damu. Wote walikuwa na risasi kupita kiasi. Majibu ya watoto watatu hayatoshi kufunga kiwanda, lakini yalitosha kumfanya ofisa yeyote ashindwe kusema kwamba hakuambiwa. Kuanzia hapo, kila barua iliyoandikwa serikalini ikawa na tarehe, ikawa na aliyeipokea, na ukimya wa kila ofisi ukawa sehemu ya jalada.

Mwaka huohuo wa 2009 alianzisha kituo cha haki, utawala bora na mazingira, kinachojulikana kwa kifupi cha CJGEA. Barua zilipokosa majibu, wanakijiji waliingia barabarani. Mwaka 2012 polisi walimkamata Omido pamoja na wenzake 16, wakashtakiwa kwa uchochezi na mkusanyiko usio halali. Mahakama iliwaachia baadaye. Mwaka huo pia, akiwa anarudi nyumbani na mwanawe, alivamiwa na watu wenye silaha, na kilichomwokoa ni gari la jirani lililotokea wakati uleule. Akahama, akaishi kwa kujificha kwa muda, na hakuacha kuandika.

Wakati huo sheria ilikuwa imegeukia upande wake. Katiba mpya ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inaongeza jambo zito zaidi kwa mlalamikaji maskini: anayekwenda mahakamani kudai haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe, au mtu fulani, ameumia. Baada ya katiba ikaundwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwanakijiji wa mwaka 2007 hakuwa na mlango huo.

Januari 2014 kiwanda kilifungwa. Shirika la Human Rights Watch lilitoa filamu kuhusu kijiji hicho mwaka huohuo, na Seneti ya Kenya ikaanza kuuliza maswali. Mwaka 2015 Omido alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, ambayo Wakenya Wangari Maathai na Ikal Angelei walikuwa wameipata kabla yake, mwaka 1991 na mwaka 2012. Watu wengi walidhani hadithi imefikia mwisho wake. Lakini risasi iliyotua kwenye udongo wa Owino Uhuru haikuondoka na wenye kiwanda, na watoto waliokuwa nayo mifupani walikuwa wanaendelea kukua nayo.

Februari 2016 wanakijiji walifungua kesi Mombasa. Katika hati za mahakama walalamikaji hawakutajwa kwa majina kamili. Kesi inaitwa ya KM na wengine 9, waliosimama kwa niaba ya kijiji kizima. Uzito wake ulikuwa katika orodha ya walioshtakiwa. Ilikuwamo kampuni yenyewe na mwenye kiwanja ilichopanga, lakini ilikuwamo pia serikali: Mwanasheria Mkuu, wizara za mazingira na afya, mamlaka ya mazingira NEMA, na mamlaka inayosimamia maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje.

Hoja yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuijibu. Kiwanda hakikujificha msituni. Kilikuwa na leseni, na kila leseni ina mtu aliyeisaini. Waliotakiwa kukikagua walijua kilipo, waliandikiwa barua, na kiliendelea kuwaka. Kama kampuni peke yake ingeshtakiwa, ingeweza kufunga ofisi na kuondoka, na kijiji kingebaki na hukumu isiyo na wa kuitekeleza. Serikali haiwezi kuhama.

Tarehe 16 Julai 2020 Jaji Anne Omollo aliwapa wanakijiji fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Akaamuru pia eneo lisafishwe ndani ya siku 120, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kulisafisha. Lawama aliigawa kati ya kampuni, mwenye kiwanja na taasisi za serikali, kila mmoja kwa fungu lake.

NEMA ilikata rufaa. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikatengua fidia ile, na waliokuwa wameshaanza kupanga namna ya kutibu watoto wao wakaanza kungoja upya. Mwaka huohuo Omido alipata tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden, lakini tuzo ya mtu mmoja hailipi hospitali ya kijiji. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, nayo tarehe 6 Desemba 2024 ikairudisha fidia ya bilioni 1.3. Tangu tanuru liwashwe ilikuwa imepita miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kijijini mwaka ule alikuwa karibu kuwa mtu mzima.

Kwa msomaji wa Fizi au Baraka, mashariki mwa Kongo, Mombasa ni mbali, ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya Tanzania nzima. Lakini kesi kama hii ina pa kusimama hata Kongo. Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2006 inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na papo hapo inampa wajibu wa kuyatetea. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inaweka misingi ya kulinda mazingira, na inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa, kama ile ambayo Omido aliikuta haijafanywa.

Sababu za kuzitumia sheria hizo hazikosekani. Kusini mwa Fizi, Misisi na machimbo yake huishi kwa dhahabu, na popote mchimbaji mdogo anapotumia zebaki, hatari huwa hewani. Zebaki huchanganywa na mchanga uliooshwa, ikashikana na chembe za dhahabu kuwa donge jeupe. Donge hilo likiwekwa kwenye kibati juu ya mbabula ya makala, zebaki huruka kama mvuke usioonekana wala kunuka, na dhahabu hubaki. Mvuke huingia mapafuni mwa anayechoma, na kama anachomea uani, huingia pia mapafuni mwa mkewe anayepika na mtoto anayetambaa karibu naye. Ubongo na figo ndivyo vinavyoumia. Kama ilivyokuwa Owino Uhuru, mikono ikianza kutetemeka watu hutaja uchovu, pombe au uchawi.

Tofauti ni kwamba mbabula ya uani haina leseni wala kampuni ya kushtakiwa, na mchomaji ndiye mgonjwa wa kwanza. Hapo kesi peke yake haitoshi. Inahitajika njia nyingine ya kusafisha dhahabu, au hata chombo cha kuunasa mvuke na kuirudisha zebaki chupani. Lakini anayeuza zebaki, anayeiingiza nchini na ofisi inayotakiwa kuizuia si watu wa uani, na hao wanaweza kuandikiwa barua.

Omido mwenyewe hajastaafu. Miaka ya karibuni amesimama na watu wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, waliopinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia pwani kwao. Safari hii wanakijiji waliuliza kabla ya msingi kuchimbwa, na walizitaka ripoti mkononi mapema. Owino Uhuru iliwafundisha watu wa pwani nzima bei ya kuuliza baadaye: majibu ya damu ya watoto watatu yalihitaji miaka 15 kufika Mahakama ya Juu, na yalifika kwa sababu kuna mtu aliyeyatunza.