Ukataji wa misitu na hewa ukaa: Handeni na Korogwe

Handeni na Korogwe ni wilaya jirani za Mkoa wa Tanga, Tanzania, ambazo misitu yake haifanani hata kidogo. Handeni, iliyomegwa mwaka 2002 kupata Wilaya ya Kilindi, ni nchi ya miombo, migunga na vichaka vinavyopukutisha majani kiangazi. Korogwe imelala kwenye bonde la Mto Pangani, mkonge ukiwa tambarare, na juu yake miteremko ya Usambara yenye chai, mashamba ya wakulima wadogo na mabaki ya msitu wa mvua. Sehemu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, imo ndani ya wilaya hii. Kwa sababu ya tofauti hiyo, wilaya hizi mbili zinafaa kupimia jambo ambalo husemwa kijuujuu mno: kwamba kukata miti huongeza hewa ukaa angani. Ni kweli, lakini shoka peke yake halielezi hesabu yote. Kinachoamua ni kiasi cha kaboni kilichokuwa kimewekwa pale, na kile kinachokuja kukaa mahali pa msitu.

Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mti huipata kwa kuvuta hewa ukaa kupitia majani na kuigeuza kuwa chakula, mbao, magome na mizizi kwa nguvu ya jua. Mti ukiungua au kuoza, kaboni ile huungana tena na oksijeni, na kila tani moja ya kaboni hutoa takriban tani 3.67 za hewa ukaa. Udongo nao una akiba yake, ambayo huanza kupungua jembe linapougeuza na jua kuupiga. Kabla ya mapinduzi ya viwanda angahewa ilikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ukaa katika kila milioni. Vipimo vilipoanza Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kama 315; mwaka 2024 wastani ulipita 420. Tangu mwaka 1850 takriban theluthi moja ya hewa ukaa iliyotokana na binadamu imetoka kwenye ardhi iliyofyekwa, na iliyobaki imetoka kwenye makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji.

Milima ya Korogwe ndiyo inayoonyesha jinsi hekta zisivyolingana. Utafiti wa mwaka 2021 uliokusanya vipimo vya misitu ya milimani katika nchi 12 za Afrika ulikuta wastani wa takriban tani 149 za kaboni kwa hekta katika miti iliyo juu ya ardhi. Miombo ya nchi kavu kwa kawaida haifikii hata theluthi ya kiasi hicho. Kwa hiyo hekta moja ya msitu wa mvua inayofyekwa Usambara kupisha chai au mahindi yaweza kulingana na hekta kadhaa za Handeni, ingawa kwenye takwimu za eneo kila moja huandikwa hekta moja tu. Wako watakaosema chai na mkonge navyo ni mimea, navyo huvuta hewa ukaa. Huvuta, ila haviwezi kurundika kaboni kama shina la mti wa mkulo lililosimama karne mbili. Mkonge uliingizwa na Richard Hindorf mwaka 1893, kisha ukaenea hadi kulizunguka bonde la Korogwe, na katika miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa zao hilo. Uoto uliofyekwa kuupisha ulitoa kaboni yake zamani, lakini zamani hiyo bado iko hewani: baada ya miaka 100, zaidi ya theluthi ya hewa ukaa iliyotolewa huwa haijamezwa na bahari wala mimea.

Handeni hesabu ni nyingine, na ndiyo yenye utata zaidi. Hapa mlaumiwa wa kawaida ni mchoma mkaa, ambaye soko lake ni miji, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza. Tuchukue gunia la kilo 50. Tanuru la udongo likifanya kazi vizuri hutoa kilo moja ya mkaa kwa kilo tano za kuni kavu. Mengi hufanya vibaya zaidi. Gunia hilo basi limekula kilo 250 za kuni, zenye kilo 125 hivi za kaboni. Mkaa wenyewe unabeba kilo 37 au 38. Karibu asilimia 70 ya kaboni imeshaondoka na moshi porini kabla lori halijafika Mkata au Kabuku, nyingine ikiwa methani, ambayo hupasha joto kuliko hewa ukaa yenyewe. Mama ntilie anayepulizia jiko mjini anamalizia tu kazi iliyofanyika mbali naye.

Hata hivyo miombo ina tabia ambayo msitu wa mvua hauna kwa kiwango hicho: visiki vyake huchipua. Eneo lililokatwa miti kwa mkaa, likaachwa bila moto na bila jembe, hurudisha kaboni nyingi katika miongo michache. Ndiyo maana mradi wa mkaa endelevu ulioanza Kilosa mwaka 2012 uligawa misitu ya vijiji katika vipande vinavyovunwa kwa zamu ya miaka 24, kila kipande kikipewa muda wa kuota upya. Kaboni ya kipande kilichoachwa huwa mkopo unaolipwa polepole. Kikilimwa mahindi, au kikichungiwa mifugo mingi kiasi kwamba chipukizi haziinui kichwa, mkopo haulipwi tena. Kwa mizani hiyo, lawama nyingi zinazorushwa kwa mchoma mkaa zinamhusu mkulima anayemfuata nyuma, na mara nyingi huyo ni mtu yuleyule: anafyeka shamba jipya, anauza mkaa wa magogo ili apate fedha wakati mvua za Handeni zimegoma, kisha anapanda.

Pingamizi kubwa ni kwamba yote haya ni tone baharini. Ili angahewa ipande kwa sehemu moja katika milioni, zinahitajika takriban tani bilioni 7.8 za hewa ukaa; hakuna wilaya itakayoonekana kwenye mchoro wa Mauna Loa. Nishati ya visukuku hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kwa mwaka, na ufyekaji wa ardhi duniani kote, baada ya kutoa kile kinachoota upya, hutoa karibu nne. Hoja hii ina haki yake, na Mtanzania hapaswi kubebeshwa deni la Ulaya na Marekani. Lakini haifuti hesabu ya nyumbani. Serikali ilikadiria kwamba kati ya 2002 na 2013 nchi ilipoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na katika nchi inayochoma mafuta kidogo kwa kila mtu, ardhi ndiyo chanzo kikuu cha hewa ukaa yake.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi: msitu uliokomaa unatoa hewa ukaa kwa kupumua na kuoza karibu sawa na unavyovuta, basi hasara iko wapi? Usemi wa mapafu ya dunia, unaopendwa kwenye mabango ya shule, hausaidii kujibu, kwa sababu thamani kubwa ya msitu huo ni ghala lake. Isitoshe, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2020 vilionyesha kwamba misitu ya tropiki ya Afrika isiyoguswa iliendelea kwa miaka 30 hadi 2015 kuongeza kama tani 0.66 za kaboni kwa hekta kila mwaka. Ghala hilo lilikuwa bado linajaa. Miche inayopandwa siku ya upandaji miti haiwezi kulijaza mapema. Tani 149, hata miche ikikua kwa tani tatu kwa mwaka bila kukosa, ni nusu karne.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ukifaulu, utaondoa sehemu kubwa ya soko la mkaa. Hautaondoa sababu ya kufyeka. Pale ambapo shamba jipya linatafutwa kwa kuwa la zamani limechoka, magogo yasiyo na mnunuzi yatarundikwa na kuchomwa papo hapo kabla ya kupanda, na kaboni yake itapanda angani bila hata kumpikia mtu ugali.