Bastola Iliyomuuma Mwenyewe

Mwaka 1911, jeshi la Marekani liliporidhia rasmi bastola iliyobuniwa na John Moses Browning na kuundwa na kiwanda cha Colt, lilipata silaha madhubuti ambayo, pamoja na fadhila zake zote, ilikuwa na aibu moja: ilimdhuru aliyeishika. Kwani kila risasi ilipotoka, chuma cha juu kilirudi nyuma kwa nguvu na kuisukuma nyundo nyuma, na ncha yake ndefu, ikikutana na mkia mfupi wa kizuizi cha usalama kilicho nyuma ya mpini, ikaibana ngozi iliyo baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, hasa kwa mtu mwenye mkono mnene.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi likaagiza marekebisho, na silaha iliyotokana nayo ikaitwa M1911A1 mwaka 1926: mkia ukarefushwa, na ncha ya nyundo ikafupishwa. Dawa hiyo ilipunguza maumivu, lakini haikuyaondoa kwa watu wote. Ndipo Colt, ilipotoa bastola fupi ya Commander baada ya Vita Kuu ya Pili, ikaiwekea nyundo ya mviringo isiyo na ncha, nao mafundi wa silaha za mashindano wakaeneza mkia mpana uliopinda juu, wakiuchonga mwili wa bastola kwa tupa kwa taratibu hata vyuma viwili vikashikana barabara. Hivi leo viwanda vingi huutia mkia huo tangu mwanzo, na kazi iliyokuwa riziki ya mafundi hodari imekuwa kawaida ya mashine.