Mpanga Mji na Mpangaji

Kupanga ni kitenzi tajiri. Tunapanga vyombo kabatini, tunapanga safari, tunapanga foleni, tunapanga chumba kwa mwenye nyumba. Mwalimu wa jiografia anayeeleza mji wa Singapore akitamka "mpangaji" huwa ametaja watu wawili kwa mpigo: afisa anayechora ramani na mkazi anayelipa kodi. Na kwa Singapore wawili hao kweli wanahusiana. Karibu wakazi wanane katika kila kumi wanaishi kwenye nyumba za HDB, shirika la serikali lililoundwa 1960. Wengi wamezinunua, lakini kwa miaka 99, kisha nyumba hurudi serikalini. Aliyepanga mji ndiye aliyepangisha.

Hata hivyo, darasani tunataka majina mawili, na sarufi yetu inayo dawa ya siku nyingi. Tunasema mpiga picha, mfua nguo, mchimba kisima. Basi tuseme mpanga mji. Neno hilo linamlazimisha mwanafunzi aone nani anapanga na anapanga nini. Mpangaji abaki na chumba chake.

Vitabu vyetu hupenda "uhaba wa ardhi". Haba ni neno la kitu kidogo kinachongoja kuongezwa, ndiyo maana haba na haba hujaza kibaba, na uhaba wa sukari huisha meli ikishusha mzigo. Ardhi haishushwi bandarini. Mimi huona "ufinyu" unafaa zaidi, kwa sababu kitu finyu kina kingo, na kingo ndizo somo lenyewe. Mji mwingine ukibanwa husukuma uwanja wa ndege, kambi za jeshi na mabwawa ya maji nje ya mipaka yake. Singapore ni mji na ni nchi, haina huko nje. Karibu kila kitu ambacho taifa linahitaji lazima kiingie ndani ya kingo zilezile, na ndipo akiba ya mafuta ikashushwa chini ya bahari, katika mapango ya Jurong yaliyochongwa kwenye mwamba na kuzinduliwa 2014.

Kwani hawajaongeza ardhi? Wameongeza. Mwaka wa uhuru, 1965, kisiwa na vijisiwa vyake vilikuwa na kilomita za mraba 580 hivi, leo zimepita 730. Lakini tazama jina tunalolipa jambo hilo: "urejeshaji wa ardhi". Anayerejesha hurudisha kilichokuwapo. Hapa palikuwa na bahari, na samaki wake, na wavuvi wake. Ukimwambia mtoto ardhi "imerejeshwa", umeshamwambia kuwa bahari ilikuwa imeiiba. Kiswahili kina kufukia, kitenzi kisichoficha kifusi wala bahari iliyo chini yake. Tuseme ufukiaji wa bahari, na palipofukiwa tupaite ardhi ya fukio.

Majina ya mahali hushuhudia hata pale istilahi inaponyamaza. Mtaa wa Telok Ayer huko Singapore, kwa Kimalay ghuba ya maji, ulikuwa ukingo wa bahari. Hekalu la Thian Hock Keng lilijengwa pale lielekee majini, ambako mabaharia kutoka China walishukuru kwa kufika salama. Sasa hekalu limezungukwa na majengo, na pwani iko mbali. Msomaji wa Zanzibar hahitaji kuelezwa zaidi: anakwenda sokoni Darajani pasipo kupita daraja, anavuka kwenda Ng'ambo kwa miguu mikavu, kwa sababu mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa. Ningekuwa mwalimu, somo la ufukiaji ningelianzia hapo.

Kufukia nako kuna mwisho wake. Kufukia kunataka mchanga, na Indonesia ilipiga marufuku kuuza mchanga wake nje mwaka 2007. Kisiwani Pulau Tekong Wasingapore wakageukia njia ya Waholanzi: kujenga tuta, kupiga maji pampu, na kukaa chini ya usawa wa bahari. Hapo "fukio" halifai tena, maana hakuna kilichofukiwa. Vitabu vitasema polda, na sina ugomvi na neno la mkopo lililokuja na ufundi wake. Lakini mkulima wetu analijua tuta, na "ardhi ya tuta" inamwambia mwanafunzi papo hapo kinachozuia maji.

Ardhi ya mtu ikichukuliwa na serikali, tunasema imetwaliwa; neno kutwaa nalipenda kwa ukali wake. Sheria ya utwaaji ardhi ya Singapore ni ya 1966, ya Tanzania ni ya 1967. Wapo wanaotaka kulilainisha kwa "kuchukua kwa manufaa ya umma". Wasililainishe. Manufaa yanaweza kuwa ya kweli, lakini aliyetwaliwa shamba la minazi alitwaliwa, hata kama alipewa fidia.

"Mpango kabambe" ndilo jina la kiofisi Tanzania la ramani kuu ya mji. Kabambe ni sifa, maana yake wenye nguvu, wa kutisha kwa ubora, nao mpango husifiwa kabla haujajengwa hata mtaro mmoja. Mpango mkuu unatosha. Singapore inao wa namna hiyo, hupitiwa upya kila miaka mitano, na juu yake upo mwingine wa miongo mingi, ulioanza 1971, usiotaja kiwanja kimoja kimoja bali uelekeo wa kisiwa kizima. Huo wa pili tayari tunalo jina lake zuri: dira.

Msongamano ndilo linaloniumiza zaidi. Kusonga ni kubana kwa nguvu, hadi mtu akasongwa na mawazo. Neno limebeba lalamiko, nasi tunalitumia kwa namba tupu ya watu kwa kilomita ya mraba. Majengo saba ya HDB yaitwayo Pinnacle@Duxton yana ghorofa 50 kila moja na nyumba 1,848 kwa jumla. Namba ni kubwa sana, lakini kila familia ina mlango, jiko na choo chake. Waliosongamana ni wale wa zamani katika nyumba za maduka za Chinatown, familia nzima ndani ya kijichumba cha mbao, choo kimoja kwa nyumba nzima, nayo nyumba ghorofa mbili au tatu tu. Tukiviita vyote msongamano, mwanafunzi ataogopa urefu wa jengo na hatauona udogo wa chumba. Kwa namba, tuandike "wingi wa watu kwa eneo". Ni refu, lakini limebeba kanuni yake ya hesabu.

Chini ya majengo mengi ya HDB, ghorofa ya chini huachwa wazi, nguzo na sakafu. Kiingereza chao huiita kwa utupu wake. Pale Wamalay hufanya harusi, Wachina hukesha na marehemu wao, wazee hucheza dama. Sisi tuna baraza, mahali pa kuketi nje ya mlango na pia kikao cha watu. Neno limekaa likisubiri jengo hilo.

Limebaki moja. Tangu 1998 makaburi mapya ya Singapore, katika eneo la Choa Chu Kang, huwa ni ya miaka 15. Muda ukiisha mabaki hutolewa. Ya Waislamu huzikwa tena katika nafasi ndogo zaidi, na ya dini zinazoruhusu huchomwa. Wengi tungeandika "kufukua", kitenzi tunachotumia kwa shimo lolote. Lakini kamusi za zamani zinalo zikua, kinyume cha zika, lililoundwa kwa ajili ya maiti peke yake. Tulirudishe: uzikuaji, na baada yake kuzika upya.