Shamba Moja, Karatasi Tatu

Ukipita Chuo Kikuu cha Kisii leo, utakutana na vijana wanaosaka digrii. Lakini shamba lile halikuanza na digrii. Mwaka 1965, kwenye ekari 61 zilizotolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii, kilifunguliwa chuo cha walimu wa shule za msingi, na karatasi yake ilikuwa cheti. Mwaka 1983 kikawa chuo cha walimu wa sekondari, karatasi ikawa diploma. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Egerton kikakichukua kuwa tawi lake, na 2013 kikapata hati ya kusimama chenyewe.

Kwa hiyo mtu akidharau cheti mbele yangu, mimi humkumbusha: hapa Gusii, cheti ndicho kilichoitangulia digrii.

Shida ni kwamba kila ngazi inapopanda, swali la mwajiri nalo hubadilika. Zamani aliuliza, "Unaweza kufundisha?" Sasa anauliza, "Umesoma mpaka wapi?" Tangu 2021, hata mwalimu mpya wa shule ya msingi anasomea diploma, cheti cha P1 kimepitwa. Mtaala umebadilika, sawa, lakini mwenye P1 na miaka 20 ya chaki hakusahau kazi usiku mmoja.

Uhasibu ulipita njia nyingine. KASNEB iliundwa 1969, na ukiwa na C+ ya kidato cha nne unaweza kujisajili CPA bila kupitia chuo kikuu. Mtihani ni mmoja tu: binti wa Nyamira anapimwa kwa kipimo kilekile cha mtoto wa Nairobi. Si ajabu mwenye digrii ya biashara naye hurudi kuufanya.

Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka, au fundi wa kuchomelea vyuma pale Keroka, anaweza kupimwa alivyo na kupewa cheti. Ni kama tumerudi kwa lile swali la kwanza.

Digrii ina mahali pake. Sitaki kupasuliwa na daktari aliyejifunzia gereji. Lakini kama kazi ni kusawazisha hesabu za duka, mpe kijana vitabu avisawazishe kwanza. Alisoma wapi, utamuuliza baadaye.