Wepesi Uliopanda Milima ya Safari

Mashindano ya magari ya Safari yalianza Mei 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, kwa njia iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen Beetle. Gari hilo lilishinda tena 1957 na 1962, na kabla ya hapo, 1956, ushindi ulikwenda kwa DKW ambayo injini yake haikufika hata lita 1. Wapo wanaosema ilikuwa bahati ya matope tu. Sikubaliani nao: matope yalikuwa ya wote, ila wepesi ulikuwa wa wachache. Beetle ya 1954 ilikuwa na nguvu za farasi 30 na uzito wa kilo mia saba na ushei. Ukikaribia meta 2,500 juu ya usawa wa bahari, hewa inapungua na injini hupoteza takriban robo ya nguvu zake, kwa hiyo si nguvu zilizoipandisha. Injini ilikaa nyuma kabisa, ikayakandamiza magurudumu yanayosukuma gari, na kadiri mlima ulivyosimama ndivyo uzito ulivyozidi kuyaegemea. Tena ilipozwa kwa upepo. Kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, basi dereva wa gari la rejeta aliyepanda polepole kwa gia ya pili alikuwa na kila sababu ya kuitazama geji ya joto. Mwenye Beetle hakuwa na maji ya kuchemka. Na ikikwama, watu wanne waliweza kuitoa kwa mabega.

Mtu atauliza: mbona Mercedes ilishinda mfululizo, 1959 hadi 1961? Ni kweli, na kwa kila kilo Mercedes 219 ilikuwa na nguvu nyingi kuliko Beetle. Palipo pakavu na wazi, hiyo ni faida kubwa. Lakini 1962 Beetle ya Tommy Fjastad ilirudi kileleni, na Pat Moss akashika nafasi ya tatu kwa Saab yenye nguvu za farasi 38. Wengine watasema ni ufundi wa madereva. Ufundi ulikuwepo, ila Mercedes nazo hazikuendeshwa na wanagenzi, na magari ya miaka hiyo yalikaribiana sana na yale yaliyouzwa dukani. Mwaka wa kwanza hata yaligawanywa katika madaraja kwa bei zake. Baada ya 1962 Beetle haikushinda tena. Zamu ikawa ya Peugeot 404, gari la wastani lililoshinda mara nne kufikia 1968.